Uwanja Unaofunguliwa Desemba

Mimi niliolewa jirani na mpira. Wenzangu waliolewa jirani na kanisa, wengine jirani na duka. Kihamba cha mume wangu, shamba la ukoo huku juu Old Moshi, kilipakana na goli la chini, na migomba yetu ya mpakani ilikuwa inapigwa mpira kila Jumapili. Ukikaa kula unasikia pwaa, mgomba umekula goli.

Historia ya ule uwanja nilipewa na baba mkwe. Yeye kila neno lilipita kwanza kwenye kikohozi. "Hapa, mkwe wangu, kho, kho, hapa alikuwa anakaa Mangi. Yeye juu ya kigoda, sisi chini kwenye majani. Akisema njoo na jembe, kho, unakuja na jembe." Basi ndiyo uwanja ulivyoanza, mahali pa watu kukaa chini na kuambiwa na chifu. Halafu wamisionari wakaleta mpira, wakasimamisha miti miwili huku na miwili kule. Halafu zikaja enzi za kahawa, kahawa ilipokuwa kahawa, kila chama cha ushirika kina timu na timu ina jezi. Watu wa Masama walikuwa wanakuja kwa lori wamesimama wanaimba. Wakifungwa wanarudi wamekaa.

Kitu ambacho hakuna mtu alikitangaza ni nani aliufanya ule uwanja uchezeke. Ni sisi wanawake. Na siyo kwa kupenda mpira, mimi mpaka leo sijui kwa nini wakipata kona wanafurahi. Ng'ombe wa huku mlimani hatembei. Mashamba yamebanana, utampeleka wapi? Anakaa bandani, analetewa, kama bwana harusi. Kwa hiyo kila mama aliyepakana na uwanja alikuwa na kipande chake cha kukata majani, na asubuhi unaenda na mundu wako. Cha kwangu kilikuwa hapo golini. Uwanja unabaki mfupi, ng'ombe anashiba, samadi inakwenda kwenye migomba. Hakuna mashine, hakuna kamati.

Kepteni wa enzi hizo alikuwa na sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. "Mamaa! Kata chini kidogo, mpira unakwama!"

"Njoo ukate mwenyewe," namwambia. "Mimi nakata ya ng'ombe, sikati ya miguu yako."

"Basi mwambie ng'ombe wako ale vizuri, Jumapili tuna mechi!"

Ndiyo tulivyokuwa.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Kila kitu ruksa. Kahawa nayo ikapata ruksa ya kuanguka. Wakaja wanunuzi na mizani zao, kila mmoja na bei yake, zote ndogo, na vijana wakaangalia ile mibuni ya baba zao kama mtu anavyoangalia kiatu cha mguu mmoja. Wakashuka Moshi, kutoka Moshi wakapanda basi kwenda Dar. Timu ikaisha hivyohivyo, mmojammoja, beki leo, kipa kesho. Zamani walikuwa wanacheza pekupeku. Viatu vya mitumba vilipofika, wachezaji wote walikuwa Kariakoo wanauza viatu.

Miaka hiyohiyo mume wangu akafariki. Watu walikuja, walikula, wakaondoka. Siku ya pili nikaenda kukata majani, maana ng'ombe hajui kama kuna msiba.

Sasa huyo ng'ombe. Hakuwa wangu, aliwekwa kwangu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe na asiye na mahali pa kumfuga anamweka kwa ndugu. Wewe unalisha, maziwa unakunywa, samadi yako. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe. Wa pili ni wako wewe uliyelisha. Mwenye ng'ombe alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, yeye yuko Dar na biashara ya vipuri vya magari. Ndama wa kwanza alizaliwa dume, shemeji akaja Krismasi wakamchinja, wakala, na mimi nikala. Halali yake. Baada ya hapo nikawa nasubiri wa pili. Nilikuwa sijawahi kuwa na ng'ombe wangu. Wa baba yangu nililisha, wa baba mkwe nililisha, wa mume, wa shemeji. Huyo wa pili angekuwa wangu, nikiamua anauzwa anauzwa, nikiamua anakaa anakaa, hakuna wa kuuliza.

Jamani, watu wa Desemba mnawajua. Mwaka mzima huku juu unasikia kuku na kikohozi cha wazee. Ikikaribia Krismasi magari yanapanda kama siafu, na kila mtoto anaulizwa jina upya. Siku moja baada ya Krismasi ilikuwa lazima ichezwe mechi, Waliotoka na Waliobaki. Waliotoka wana jezi mpya na matumbo. Waliobaki wana miguu. Kila mwaka Waliobaki wanafunga, na kila mwaka Waliotoka wananunua pombe ya mbege na mbuzi, basi hujui nani ameshinda.

Mwaka mmoja, baada ya kufungwa vibaya, shemeji akasimama katikati ya uwanja na chupa mkononi. Huyo sauti yake inatoka tumboni, na kila akisema neno anaangalia kama limefika. "Ndugu zangu! Huu uwanja ni aibu! Tunacheza kwenye malisho! Wenzetu wana viwanja! Tutajenga ukuta! Tutaweka geti! Maendeleo!"

Watu wakapiga makofi. Mimi na jirani yangu, yule mama wa kipande cha kona, tulikuwa tumeketi na masufuria ya kiburu, ndizi na maharage. Akaniuliza, "Ukuta wa kuzuia nini?"

"Magoli," nikamwambia.

Mwaka uliofuata wakaja mafundi na matofali. Shemeji ndiye mwenyekiti wa kamati, na mweka hazina ni mwenzake wa hukohuko Dar. Ukuta ukazunguka uwanja wote, mrefu kuliko mtu, na juu yake wakapanda chupa zilizovunjwa. Geti la bati zito, jekundu. Desemba wakalizindua kwa utepe, mchungaji akaomba, tukala, wakafungwa tena. Januari wakapakia mikungu ya ndizi kwenye magari yao, wakafunga geti kwa kufuli, wakaondoka.

Na funguo wakaondoka nazo.

Hakuna aliyefikiri kitu siku ya kwanza. Nilifika na mundu wangu, nikakuta kufuli, nikarudi. Nikadhani ufunguo uko kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nikaenda kwake. Balozi ana kigugumizi kidogo, na akikasirika kinapona.

"Mi-mi-mimi sina ufunguo, mama."

"Sasa nani anao?"

"Wa-wa-wako nao Dar."

"Na ng'ombe wangu anakula Dar?"

Kigugumizi kikapona hapohapo. "Mama, mimi ni balozi wa nyumba kumi, siyo balozi wa ukuta! Usiniletee!"

Mwaka huo mvua za masika zilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba, akachungulia, akaondoka. Tambarare kule chini, tulikokuwa tunapata majani ya nyongeza, kukawa kweupe. Mabua ya mahindi yalipanda kwa lori na kuisha kabla hayajashushwa. Tukaanza kukata migomba, unaikatakata vipande unampa. Mgomba ni maji tu. Ng'ombe anakula siku nzima na mbavu zinatoka. Na ndani ya ukuta, ile mvua kidogo ilitosha, maana hakuna mundu uliokuwa unapita. Majani yalipanda mpaka kiunoni. Tulikuwa tunayaona kwenye upenyo wa geti. Watoto wanacheza barabarani na mpira wa makaratasi, uwanja umefungwa una majani ya kiunoni.

Utaniuliza kwa nini hatukuvunja kufuli. Tulikaa tukaliongea, kina mama wenye vipande. Yule jirani yangu wa kona, anayeongea kama anapuliza moto, fuu, fuu, akasema, "Fuu, vunja wewe. Halafu ukifa, nani atachangia jeneza lako?"

Hapo kila mtu akaokota mundu wake. Maana ni kweli. Bati la kanisa, watu wa Desemba. Harusi, wao. Mtu akilazwa hospitali, wao. Msibani usipowapigia simu utazika kwa blanketi. Hilo kufuli halikuwa na nguvu yoyote, nondo moja tu lingekatika. Hakuna aliyetaka kuwa yeye.

Na ng'ombe wangu alikuwa na mimba. Huyo ndiye ndama wa pili.

Nikawa nalala kifudifudi kwenye geti, napitisha mkono na mundu chini yake, navuta majani yaliyo karibu. Kiganja kimoja, kiganja kingine. Wapita njia wananicheka. "Mama, umedondosha jino?"

"Nimedondosha Desemba," nawajibu. "Ukiiona niambie."

Baadaye ya karibu yakaisha. Mkono wangu ndiyo ulikuwa mwisho wa uwanja.

Nikatuma salamu kwa konda wa basi la Dar, huyu wa kutafuna mirungi, maneno yanamtoka yamebanana, "Salamzitafikamamaondoashaka." Hazikufika, au zilifika. Nikashuka mjini kwenda kupiga simu, kwenye vile vibanda vya kulipia, pale karibu na stendi. Yule dada akanibonyezea namba, akanipa mkono wa simu. Shemeji akapokea.

"Haloo! Haloo! Nani?"

"Mimi shemeji yako."

"Shikamoo shemeji! Sema haraka, niko na watu! Nani amefariki?"

"Bado hajafa mtu. Ng'ombe wako anakonda. Naomba ufunguo wa uwanja nikate majani."

"Aah, shemeji! Ufunguo uko salama kabisa, usiwe na wasiwasi!"

"Najua uko salama. Naomba uje huku."

"Na ule wa pili uko kwa mweka hazina, nao salama! Tukiuacha huko mtaingiza ng'ombe uwanjani, mtaharibu!"

Nikautazama ule mkono wa simu. Mtu amezaliwa kihambani, amekunywa maziwa ya ng'ombe wa bandani, mama yake amebeba majani kichwani mpaka shingo ikazama, na anasema tutaingiza ng'ombe. Ng'ombe wa wapi anayetembea? Alikuwa amesahau. Hakuwa anadanganya, alikuwa amesahau kweli.

"Subiri Desemba, shemeji," akasema. "Desemba tunakuja na mipango mikubwa."

Simu ikakatika. Nikapanda gari, nikarudi. Nilidhani nitakuwa na hasira njia nzima. Nilihesabiwa chenji, nikanunua chumvi, nikafika nyumbani.

Ng'ombe aliishiwa nguvu kabla ya vuli. Nilienda bandani asubuhi nikamkuta amelala kwa ubavu na shingo imenyooka, na alitoa sauti. Mimi sauti zote naziweza, kuanzia mchungaji mpaka mbuzi, watu wananiita kwenye harusi niwachekeshe. Ile siiigi. Nikamwita balozi na wazee wawili, maana ng'ombe aliyewekwa hafi bila mashahidi. Mwenyewe asije akasema ulimuuza. Wazee wakamtazama, wakasema achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Wakamchinja.

Walipompasua wakamkuta ndama. Balozi akamtoa, akamlaza juu ya jani la mgomba, akamfunua miguu.

"Ni m-m-mtamba," akasema.

Jirani yangu akaweka mkono mdomoni. Wote wakanigeukia, wananingoja. Mimi nikaona wanatazama na mimi nikatazama. Alikuwa amelowa, mwenye doa jeupe usoni. Nikasema, "Haya, mzikeni kwenye migomba. Nani ananisaidia kumenya ndizi, watu hawa watakula nini?" Tukapika mtori. Nilionja, chumvi ilikuwa imekaa sawa.

Ngozi nikaiwamba kwa vijiti ikakauka, na nyama ya shemeji, ile sehemu yake kwa mila, nikaikausha juu ya moshi wa jiko. Ndiyo utaratibu. Ng'ombe wa mtu akifia kwako, unamwonyesha ngozi.

Desemba wakaja. Magari, honi, shikamoo shikamoo. Shemeji akafungua geti mbele ya watu, akasukuma, halikufunguka. Majani yalikuwa yamelala nyuma yake. Wakasukuma vijana wanne. Lilipofunguka, mtu wa kwanza aliyeingia alipotea mpaka kifuani.

"Ruwa wangu!" shemeji akasema. Huko Dar husikii mtu akimwita Mungu hivyo. "Sasa mechi tutacheza wapi?" Akageuka, akaniona. Akatoa ile sauti ya tumboni. "Shemeji! Wewe ndiye fundi wetu! Waite kina mama wakate upesi, ng'ombe wapate kula!"

Nilikuwa nimekuja na ngozi. Nikaitandika kwenye mlango wa geti, mbele ya viatu vyake vyeupe, na ile nyama ndani ya jani.

"Huyu hapa," nikasema. "Na ndani alikuwa na mtamba, mashahidi hawa hapa. Wa pili."

Shemeji akaangalia ngozi, akaangalia majani, akaangalia tena ngozi. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka. Mdomo wake ukawa kama wa mtu aliyemeza chai ya moto mbele ya wageni.

"Kwa nini hukuniambia hali ni mbaya hivi?"

"Nilikuambia. Ukasema ufunguo uko salama."

Kuna mtu alicheka, halafu akaacha. Shemeji akaingia kwenye gari lake, akashuka nalo mlima. Mechi haikuchezwa siku hiyo.

Kesho yake mchana akaja kwangu kwa miguu. Jirani yangu alikuwa ameketi kwangu anachambua maharage, na balozi alikuwa amepitia mbege. Shemeji ameshika kitu kwa mikono miwili. Kwetu mtu akikukosea akataka radhi, anakuja na jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani na kwenye makaburi. Ukiletewa isale hukatai, hata kama amekuulia mtu. Sasa yeye amekuja na nini? Na mmea mzima ndani ya kopo, na udongo wake, majani yake yana mistari ya njano. Ameununua kwa wauza maua mjini, wakati mpaka wa kihamba chetu wote ni masale, amepita katikati yake kuja.

Jirani yangu akapuliza. "Fuu, hiyo siyo ya hotelini hiyo?"

"Wa-wa-wamekuuzia na kopo?" balozi akauliza.

Shemeji akaniangalia. Sauti ya tumboni haikuwepo, alikuwa na sauti nyingine, ya yule kijana niliyemkuta hapa nilipoolewa, anayenibebea kuni. Akaongea Kichagga. Akasema amekosa, kwamba alinifungia nje ya kitu changu, kwamba hajui isale ipi ni ipi, nimpokee hivyohivyo.

Nikatafuta hasira ya kumpa, nikakosa. Nikatafuta huruma, nayo nikakosa. Ilikuwa kama kutia mkono kwenye mtungi uliokwishakauka. Nikapokea kopo lake kwa mikono miwili, nikasema aika, ndiyo asante yetu, nikaliweka chini.

"Nitakuletea ng'ombe mwingine," akasema. "Kesho kutwa."

"Usilete. Sina majani."

"Majani si yale, shemeji? Uwanja wote!"

"Yale ya Desemba. Ng'ombe anakula na Machi."

Akaketi. Balozi akammiminia mbege. Akanywa, akamaliza, akatoka. Jioni tukasikia vyuma vinagongwa kule uwanjani. Walikuwa wanang'oa geti, yeye na mweka hazina wake wamevua mashati. Matumbo yanang'aa kwa jasho. Jirani yangu alitaka niende kuona, alisema ni kichekesho kikubwa kuliko mechi. Nilisema nitaenda, nikakaa.

Kina mama walikata uwanja wote siku mbili. Mechi ikachezwa Mwaka Mpya, Waliotoka wakafungwa. Mpaka leo ukuta uko palepale na chupa zake, una tundu kubwa lisilo na mlango, na kila mwenye kipande anaingia asubuhi na mundu wake.

Mvua za masika zilizofuata zilikuja vizuri. Siku moja pikapu ikapanda, dereva kijana wa mjini, anaongea kwa kuvuta kama mpira wa manati. "Maama, mziiigo wako huu. Mzee kasema huyu siyo wa kuwekwa. Ni wako mojakwamoja."

Alikuwa mtamba, mweusi, miguu mirefu. Majirani wakaja, wakapiga vigelegele, wakaniambia, eeh, sasa na wewe una ng'ombe. Nikasema aika, aika. Nikachukua mundu, nikaenda kwenye kipande changu pale golini, nikakata, nikarudi nikamwekea. Alinusa kwanza. Halafu akala. Nilisimama pale bandani mpaka akamaliza, nikingoja nifurahi, halafu nikaenda kuchota maji.